Udongo Aliomletea Limi

Mwezi wa Oktoba mwaka 1937, karatasi ya habari za wafanyakazi ilibandikwa kama kawaida kwenye mlango wa ghala la kampuni moja ya ukaguzi na upimaji, karibu na Rwamgasa, nchi ya Geita. Fundi wa boila alikuwa amerudi kutoka likizo. Dereva mmoja alikuwa ameoa. Mizani mpya ilikuwa imefika kutoka Ulaya. Habari ya mwisho ilipigwa mstari kwa wino mwekundu: Maige mwana wa Bujiku, mtayarishaji wa sampuli, alikuwa amemaliza mwaka mzima bila sampuli yake hata moja kurudishwa, na Jumamosi angepewa hati ya sifa mbele ya wenzake.

Kila neno katika karatasi ile lilikuwa la kweli. Wiki mbili kabla haijabandikwa, Maige alikuwa amezika mtoto wake.

Kampuni ile haikuchimba dhahabu. Ilikagua vitu vya wengine: boila za mitambo, kamba za waya za kushushia watu shimoni, na zaidi ya yote, mawe. Wenye migodi walileta magunia ya mawe wapate kujua yana dhahabu kiasi gani, nayo kampuni iliwajibu kwa barua. Maige aliajiriwa mwaka 1933. Alikuwa kijana wa Mwakitolyo mwenye masomo ya misheni ya darasa la nne, na kazi aliyopewa ilionekana ndogo kwa asiyeijua. Alilisaga jiwe likawa unga, akauchekecha, akaumwaga chini juu ya turubai safi, akaugawa mafungu manne. Mafungu mawili aliyatupa, mawili akayachanganya na kuyagawa tena, na tena, hadi ikabaki konzi moja tu ya unga iliyoweza kusema kweli kwa niaba ya gunia zima. Akikosea hapo, barua yote ilikuwa uongo.

Yeye hakukosea. Punje ikidondoka sakafuni, alirudi mwanzo. Hatibu, karani wa ofisi, mtu wa mjini mwenye asili ya pwani na ulimi usiotulia, alikuwa akisema kwamba Maige angewagawia sisimizi unga na wasingegombana.

Konzi ile ya unga ilichanganywa na unga mwingine mzito wa madini ya risasi, ikatiwa tanurini. Risasi iliyeyuka, ikaikusanya dhahabu na kutulia chini kama kifungo cha shati. Kifungo hicho kiliwekwa ndani ya kikombe kidogo, nusu ya yai kwa ukubwa, kilichofinyangwa kwa majivu ya mifupa ya ng'ombe, kikarudishwa motoni. Kikombe kilikunywa risasi yote, na juu yake ikabaki tone la dhahabu dogo kama yai la chawa. Tone lilipimwa. Kikombe, kazi yake ikiwa imekwisha, kilitupwa kwenye shimo la taka nyuma ya jengo.

Mle ndani kulikuwa na amri. Kila mtu anawe mikono kwenye karai kabla ya kula na kabla ya kutoka. Chakula kisiingie. Nguo za kazi zisiende nyumbani. Mzungu mkuu wa upimaji, waliyemwita Bwana Mizani, alizisoma amri hizo siku ya kwanza na hakueleza sababu yake. Wafanyakazi wakajielezea wenyewe. Sababu gani nyingine ingekuwepo mahali pa dhahabu? "Hawa watatukamua hata kucha," alisema Hatibu, na wote wakaamini kwamba maji ya karai yalichujwa usiku ili kutafuta vumbi la dhahabu. Maige aliamini kama wengine. Alinawa kwa bidii kuliko wote, akaona fahari kwamba hakuwahi kutoka na hata chembe ya mali ya watu.

Mwaka 1934 alimwoa Limi, binti wa jirani huko Mwakitolyo, kwa ng'ombe kumi na wanne. Walipendana, na hilo halikuwa siri, kwa maana Maige alirudi kazini kutoka likizo ya harusi akiimba, jambo ambalo wenzake walimsumbua nalo mwezi mzima.

Mwaka uliofuata Limi akashika mimba. Kwao, ukingoni mwa mbuga, kulikuwa na shimo la udongo mweupe ambao wanawake wajawazito waliutafuna tangu enzi za bibi zao. Hapakuwa na aibu wala ajabu ndani yake. Mama alikula, binti akala. Lakini nchi ya Geita ina udongo mwekundu. Limi aliujaribu, akautema.

"Una kutu," alimwambia mumewe. "Ningepata wa nyumbani, hata kipande kama kidole, ningelala."

Mwakitolyo ilikuwa mbali. Maige aliuliza kama kuna mtu anayesafiri, hakupata. Siku chache baadaye, akimwaga sanduku la taka, alivitazama vile vikombe vilivyokwisha tumika. Vilikuwa vyeupe kwa chini, na rangi ya maziwa yaliyoganda kwa juu. Alikivunja kimoja kikamumunyika kama udongo wa kwao. Akaramba kidole. Kulikuwa na utamu kidogo. Akavunja vitatu, ili visionekane tena kuwa vikombe, akavifunga kwenye kitambaa. Mlinzi wa lango alimpekua kutafuta dhahabu, akavikuta vipande vile, akacheka na kumwacha apite.

Kama angemwambia mkewe kweli, Limi angeuliza kitu hicho ni nini, na huenda swali hilo lingetosha. Hakumwambia. Aliona haya kumpa mke mjamzito kitu cha shimo la taka.

"Kuna mchuuzi wa chumvi kapita, anatoka kwenu," alisema. "Amekuletea."

Limi alitafuna, akafumba macho. Akasema ni udongo wa upande wa juu wa shimo, maana ule ndio mtamu, na kwamba mama yake angempigania mtu kwa ajili ya ule. Jioni hiyo alipika akiwa na furaha. Alimwomba Maige, yule mchuuzi akipita tena, ampe salamu za mama.

Hapo ndipo pa kumlaumu Maige, wala si mahali pengine. Hakujua sumu, na asiyejua hana hatia ya asichokijua. Lakini uongo aliujua. Mtu huyu, ambaye hakukubali gunia la mawe ya mgeni lisemewe neno lisilo la kweli, alifika nyumbani kwake na kulegeza kipimo chake chote kwa sababu moyo wake ulitaka kumwona mkewe akitabasamu. Na uongo ukataka chakula kila wiki. Mchuuzi akapita tena. Akapita mara ya tatu, na safari hiyo akaleta majibu: mama hajambo, mvua imenyesha, mbuzi mweusi kazaa mapacha. Limi alicheka sana kuhusu mbuzi mweusi.

Mimba ile iliharibika ikiwa ya miezi mitano.

Mwaka 1936 akashika nyingine. Maige, kwa hofu, aliongeza matunzo, na matunzo yake makubwa yalikuwa udongo. Mimba ikaharibika ikiwa ya miezi saba. Limi alikuwa amekonda, tumbo likimkata, mikono ikikosa nguvu hata ya kuinua mchi. Kutoka Mwakitolyo, Mabula, baba mdogo wa Maige na mkubwa wa ukoo, alituma maneno kwamba ng'ombe kumi na wanne si mchezo, na kwamba tumbo lisiloshika ni vizuri lichunguzwe. Maige alizificha habari hizo. Limi alizisikia kwa wanawake wa kisimani.

Ya tatu, mwaka 1937, ilifika miezi minane. Hawakuongea juu yake. Limi hakushona kitu wala hakukubali mtu amwambie hongera. Alikaa kivulini mwa nyumba akitafuna udongo wake taratibu, kama mtu anayemeza dawa, kwa kuwa aliamini kwamba udongo wa nyumbani ndio uliomfikisha mbali safari hii.

Mtoto alizaliwa mwezi wa Septemba, asubuhi, mzima. Alikuwa wa kike. Alilia mara mbili kwa sauti nyembamba, akanyonya kidogo, kisha mwili wake ukaanza kushtuka. Kesho yake jua lilipokuwa utosini alikuwa amekufa. Hawakuwa wamempa jina.

Limi hakuweza kusimama tena. Maige alimchukua hadi zahanati ya misheni. Muuguzi Melania, mwanamke wa Kisukuma aliyefundishwa na masista, alimfunua mdomo akaona mstari wa buluu iliyokoza kando ya fizi, chini ya meno. Alikwenda kumwita sista mkubwa. Waliporudi, Melania aliuliza mgonjwa anapikia chombo gani, kama kuna rangi ya kupaka nyumbani, kisha akauliza anakula nini. Limi alifungua pindo la nguo yake, akatoa kipande.

"Ni udongo wa kwetu tu, dada," alisema. "Mama yangu ameula, na bibi yangu."

Sista alikigeuza kipande kile mkononi, akasema neno kwa lugha yao. Melania akalitafsiri. Alisema huu ni ugonjwa wa risasi, ile risasi ya madini, na kama iko ndani ya udongo huu basi shimo lao lina sumu, asiule tena hata punje.

Maige alikuwa amesimama mlangoni. Katika chumba kile hakuna mwingine aliyejua kitu kile ni nini. Angeweza kusema. Alinyamaza, na Limi akaondoka pale akiamini kwamba ardhi ya kwao ndiyo iliyomuua mtoto wake.

Siku ya pili alimfuata Bwana Mizani tanurini, akauliza kama kuosha mikono kulikuwa kwa ajili ya dhahabu.

Mzungu alicheka. "Dhahabu? Ni kwa ajili ya risasi. Vumbi lake ni sumu."

"Na vikombe vilivyokwisha tumika, Bwana?"

"Hivyo ndivyo vibaya kabisa. Vimeinywa yote."

"Hatukuambiwa."

"Mliambiwa mnawe," alisema Bwana Mizani, akarudi kwenye mizani yake. Hakuwa mtu mkatili. Alidhani amri inatosha. Wenye elimu wengi hudhani hivyo hadi leo, na watu huzikwa kwa sababu hiyo.

Jumamosi ikafika. Wafanyakazi walipanga mistari mbele ya ghala, na Hatibu akasoma karatasi kwa sauti yake ya mnadani. Alipofika kwa Maige aliongeza ya kwake: kwamba bwana huyu, akikuambia jiwe lina dhahabu, uza shamba, akikuambia halina, lia. Watu wakacheka na kupiga makofi. Maige alipokea hati kwa mikono miwili. Walimwona machozi yakimtoka, wakadhani ni furaha, na wengine, waliojua habari za mtoto, wakadhani ni msiba. Hatibu alimshika bega akamwambia, kwa upole ambao hakuwa nao siku zote, "Mungu atawapa mwingine, ndugu yangu."

Maige akamjibu kwamba Mungu alikuwa amewapa watatu.

Mwezi huohuo Mabula aliita kikao cha ukoo. Limi alisafirishwa na mumewe kwa lori la pamba hadi Kahama, wakalala mtaa wa Nyasubi kwa ndugu wa mbali, kisha kaka yake Limi, aliyekuja kuwapokea, akampakia nyuma ya baiskeli. Maige alitembea kando yao njia nzima. Baadaye alisema mwenyewe kwamba alifungua mdomo mara nyingi. Limi alipomuuliza anataka kusema nini, alisema kuna jua kali.

Walikaa uani kwa Mabula, saa za asubuhi, wanaume upande mmoja juu ya viti vifupi, wanawake chini juu ya ngozi. Mabula hakuzunguka.

"Ng'ombe wetu wako kwenu na wanazaa," aliwaambia wakwe. "Binti yenu yuko kwetu na hazai. Nani kafanya biashara nzuri hapo?"

Kaka wa Limi alisema wa misheni wametaja udongo. Hapo mama yake Limi akainuka, mwanamke mfupi mwenye sauti pana.

"Udongo wa shimo letu nimeula mimi kwa mimba tisa. Wako wapi wafu wangu? Huyu hapa aliyempandisha dada yake baiskeli ni mmoja wao." Watu wakacheka, hata upande wa Mabula. Lakini mama hakucheka. Alimgeukia binti yake. "Na udongo wenyewe nani alikupelekea? Miaka mitatu hii sijatuma udongo. Hata salamu zako sijapata moja. Nilisema moyoni, mwanangu ameolewa, amenisahau."

Limi alimtazama mama yake kama mtu asiyesikia vizuri.

Mabula aliona mambo yanakwenda kombo, akapaza sauti. Akasema kama si udongo basi ni mwanamke, na ng'ombe warudi. Na kama kuna mkono mwingine ndani ya jambo hili, mkono wa usiku, basi mama na binti wajibu pamoja. Kila aliyekuwepo alielewa kwamba anataja uchawi. Katika nchi ile na miaka ile mwanamke aliyetajwa hivyo hakuwa na pa kulala kwa amani.

Maige akasimama.

"Baba mdogo, si yeye. Na si shimo la kwao. Ni mimi."

Akaeleza. Alieleza kama alivyofanya kazi yake, hatua kwa hatua, bila kuruka: unga wa risasi, tanuri, kikombe kinavyokunywa, shimo la taka, kitambaa. Alisema ni mara ngapi kwa wiki. Alisema alichosikia zahanati na kwamba alinyamaza, na alichoambiwa na Bwana Mizani, akanyamaza tena. Ilichukua muda mrefu na hakuna aliyemkatiza. Mabula alikuwa ameinamisha kichwa.

Limi akauliza swali moja.

"Yule mchuuzi wa chumvi?"

"Hakuwepo."

"Hata aliyesema mbuzi mweusi kazaa?"

"Hata huyo."

Limi hakulia. Alimwegemea mama yake, na mama akamfunika kichwa kwa nguo yake, wakabaki hivyo.

Kikao kiliamua upesi. Ng'ombe wabaki waliko, kwa kuwa kosa lilikuwa la mume. Jina la Limi likawa safi, na hakuna aliyethubutu kulitaja vibaya tena. Kwa kipimo cha haki, siku ile Maige alifanya jambo kubwa kuliko yote ya maisha yake, na alilifanya akiwa amechelewa. Kama angesema zahanati, mkewe asingebebeshwa siku zile zote mzigo wa ardhi yake mwenyewe. Kuchelewa huko hakufutiki kwa sababu mtu hatimaye amesema.

Alirudi Rwamgasa peke yake. Kabla ya kuingia kazini alipita nyumba za wenzake wote, moja baada ya nyingine, akawaambia wake zao vumbi lile ni nini na kwa nini nguo za kazi zisifike nyumbani. Mlango wa tatu alimkuta mke wa mlinzi anapaka ukuta kwa unga wa vikombe. Karatasi ya Novemba haikuwa na habari hiyo. Ilisema tu kwamba kampuni imepata kazi ya kukagua boila tatu mpya.

Baada ya mavuno ya mwaka uliofuata alipewa likizo. Alinunua khanga dukani Nyasubi, akaenda hadi kwa wakwe zake. Mama mkwe alimwitikia salamu, akampa kiti, akaondoka kuelekea zizini awaache.

Limi alikuwa amenenepa kidogo. Mkono wake wa kuume ulikuwa umepata nguvu, alikuwa akipura mtama. Alikaa naye. Waliongea juu ya mvua, na juu ya kaka yake aliyepata mtoto. Maige alimwomba radhi, naye akasema alikwisha kumsamehe siku ileile, uani kwa Mabula. Alisema kwa macho makavu, na Maige alijua kwamba ni kweli, kwa sababu Limi hakuwa mtu wa kusema lisilokuwepo.

Ndipo akaitoa ile khanga, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Mkono wa Limi uliinuka, ukafika nusu ya njia, ukasimama. Alijaribu tena. Kisha akauficha chini ya nguo.

"Sina hasira na wewe, Maige," alisema. "Lakini ukinipa kitu, mkono unakataa. Usiku naota unanipa maji, na mkono unakataa. Nitaishije na mtu ambaye siwezi kupokea maji yake?"

Maige aliiweka khanga juu ya kiti alichokuwa amekalia. Alimwambia akae vizuri, naye Limi akamwambia asafiri salama.

Alitoka kwa njia ya shambani. Wanawake waliokuwa wakikusanya mabua walimwamkia, naye akawaitikia mmoja mmoja kwa heshima, akiuliza watoto hawajambo, kama mtu yeyote anayetoka kuwatembelea wakwe zake.